Waya, Redio na Chausiku Wawili

Nimekabidhi funguo za chumba cha kompyuta, na vijana walioniandalia soda na keki wameniomba niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa. Soda nimekunywa, kwa hiyo sasa nadaiwa maandishi. Mishahara sitaitaja, na vyeo sikuwahi kuwa navyo vya kutaja. Nilisoma mpaka darasa la saba kwetu Mkata, wilaya ya Handeni. Baada ya hapo nililima mihogo, nikauza chai kwa abiria wa mabasi, nikazaa, nikalea. Kompyuta ilinikuta nina mjukuu mgongoni. Wewe unayesema umri umekupita, kaa kimya kwanza usome.

Nilikuja Korogwe kufanya usafi na kupika chai kwenye duka la stesheneri la Mama Kanta. Mama Kanta ni Mhindi wa Korogwe, amezaliwa hapo hapo, anagombana kwa Kiswahili na kuhesabu kwa Kigujarati. Nyuma ya duka alikuwa na chumba cha kompyuta kuukuu, watu wanakuja kuandika barua, kutafuta vyuo, kupeleka maombi. Ndani yake uliwekwa mfumo wa Linux kwa sababu mashine zilikuwa zimezeeka, na Linux haimdharau mzee. Siku ya kwanza Mama Kanta alinikabidhi ufagio akaniambia, "Mama Mwajabu, vumbi futa kila mahali. Waya usiguse hata mmoja. Ukigusa, mimi nalia."

Sikugusa. Lakini siku hiyo hiyo mteja akapiga kelele kwamba mtandao umekata, na fundi akaitwa. Fundi mwenyewe ni Shekiondo, Msambaa wa Kwashemshi, mrefu, anatembea kama bado anapanda mlima hata akiwa kwenye lami ya Korogwe. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akaniita mimi niliyekuwa nimeinama na ufagio.

"Mama, hebu nitazamie huko nyuma. Pale waya unapoingia, taa inawaka?"

"Haiwaki."

"Sukuma waya."

"Nimekatazwa waya."

"Nimekuruhusu mimi."

"Wewe siye unayenilipa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mama Kanta akatoa ruhusa kutoka kaunta, nikasukuma, kikasikika kidude kikisema tak, taa ikawa kijani na ikaanza kupepesa. Shekiondo akasema, "Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nusu yake umeshaijua." Nilidhani ananidanganya kwa upole. Leo nawaambia alisema kweli. Kabla hujaandika amri yoyote, inama utazame taa. Nimeona mafundi wakifuta mfumo mzima na kuweka upya, kumbe panya amekula waya.

Tangu siku hiyo kila akija ananiita. Alikuwa na mkoba wa turubai, na ndani yake koleo la kubania vichwa vya waya, kipimo chenye vitaa, na bisibisi iliyofungwa utepe mwekundu isiibwe. Iliibwa hata hivyo. Aliponipa waya wa mtandao niuchune, ndani nikakuta nyuzi nane zimesokotwa mbili mbili, na hapo nikajiona niko nyumbani. Mimi nimesuka vichwa vya nusu ya wanawake wa Mkata. Kufumua, kunyoosha, kupanga, kukata sawa, hakuna wa kunifundisha. Chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Napanga huku namkemea mtoto. Sukuma mpaka uone shaba imegota mwisho wa kichwa, ndipo ubane. Ukibana kwanza ukatazama baadaye, umetupa kichwa.

Kwenye kioo ndiko nilikoteseka. Kiingereza sina. Nilijifunza maneno kama unavyojifunza sura za watu: huyu nikimwona mambo ni mazuri, huyu nikimwona kuna msiba. Shekiondo alinianzishia kwa amri fupi. Andika ip, acha nafasi, andika a, utaona kadi zote za mtandao na namba zake. Andika ping na namba ya ruta, kile kisanduku kinachotuletea mtandao, ni kama kupiga hodi, akiwepo ataitika. Kwa kuweka namba alinionyesha nmtui, lile dirisha la buluu ambalo unatembea kwa mishale, halina mbwembwe. Ruta inagawa namba kama mwenye mgahawa anavyogawa viti, aliyeingia anakaa palipo wazi, kesho anaweza kukaa kwingine. Hiyo inafaa simu na wageni. Lakini mashine za chumbani na printa alizipa namba za kudumu, kila mmoja yake, ili ukimtafuta umkute.

Kuna siku ruta inaitika, namba ya nje inaitika, na bado mteja anasema hakuna mtandao. Jaribu ping kwa jina. Jina lisipoitika, jua barabara ipo, asiyekuwepo ni wa kumuuliza nyumba ya fulani ni ipi. Rudi nmtui, kwenye DNS, uipe mashine mtu wa kumuuliza. Na msishangae majina ya kadi yakibadilika. Mimi niliizoea eth0 miaka mingi, siku moja tukaweka Linux mpya, nikatafuta eth0 wangu nikakuta anaitwa enp2s0. Kama kijana aliyekwenda Dar akarudi na jina ambalo mama yake hawezi kulitamka.

Mashine zetu tuliziita kwa majina ya watu, maana namba hazikai kichwani kwa mtu anayepika chai. Kulikuwa na Kibibi, Mzee Kombo, Chausiku, na wengine. Mashine ikifa, mpya inayokuja inarithi jina na namba ya marehemu. Hilo halikutushangaza, ndivyo tunavyofanya na watoto. Mjukuu wangu wa kwanza ni Mwajabu, jina langu, na mimi nililichukua kwa bibi yangu. Huyo Mwajabu mdogo sasa yuko chuo, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, na sitaki kusikia mtu akimsema.

Wi-Fi ilipoingia, sisi tuliiita redio. Redio inataka adabu yake. Ruta usiifiche kabatini, usiiweke nyuma ya friji, na neno la siri uliandike kama lilivyo, herufi kubwa kubwa, ndogo ndogo. Shekiondo alipoanza kuchoka, safari za Handeni zikawa zangu, naingia basi na mkoba wa turubai miguuni. Shule moja huko waliniita kwa kompyuta ya mapajani iliyokataa redio. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Nilitafuta dereva wa kadi, ile programu inayoiendesha, nikafuta muunganisho nikaunda mwingine kwa amri ya nmcli, nikaizima nikaiwasha, bati juu linawaka jua mpaka jasho linadondokea kwenye vitufe. Mwalimu wa sayansi kimu akapita na sahani yake ya wali, akasimama, akauliza, "Shikamoo bibi. Hivi hiki kitufe cha ubavuni ni cha nini?"

Kilikuwa cha redio. Kilikuwa kimezimwa. Tangu siku ile amri yangu ya kwanza kwenye Wi-Fi yoyote ni rfkill list, inakwambia kama kuna aliyefunga mlango. Na yule mwalimu alinigawia wali wake, Mungu amzidishie.

Sasa niwaambie siku ambayo nikiulizwa kwa nini nilifanya kazi hii, naikumbuka yenyewe.

Mzee Salehe wa Ngombezi alifanya kazi kiwanda cha mkonge mpaka nguvu zikamwisha. Ana mabinti watatu. Wawili wa kwanza aliwaozesha mwenyewe, amekaa mkekani, mkono wake umeshika wa bwana harusi. Wa mwisho, Rehema, harusi yake ilikuwa imepangwa, watu wamealikwa, ndipo mzee akazidiwa tumbo, akapelekwa hospitali Dar, na madaktari wakasema apasuliwe. Siku waliyompangia ikaangukia siku ya ndoa. Watu wakamwambia ateue wakili amwozeshee, dini inaruhusu. Akagoma. "Naingia kisuni, sijui kama natoka," alisema kwenye simu. "Huyu nimwozeshe kwa mdomo wangu, nikiwa nawaona." Rehema naye akasema bila baba yake hasemi ndiyo.

Sheikh alikuwa mtu muungwana. Akasema sawa, ila mashahidi na yeye na bwana harusi wamwone mzee na kumsikia wote pamoja, si kupokezana simu sikioni. Na akaongeza sharti moja: mzee akisema nimekuozesha, bwana harusi aitike papo hapo. Kauli zifuatane. Pakikatika katikati, tunaanza upya. Ndipo familia ikaja kwetu, kwa ajili ya skrini kubwa ya ukutani iliyounganishwa na Chausiku, mashine mpya, yenye kamera na nguvu.

Jana yake tulijaribu na mpwa wa mzee aliyekuwa naye wodini. Picha safi, sauti safi. Siku yenyewe tulisukuma meza ukutani, tukatandika mikeka, wanaume wakajaa. Wanawake walikuwa uani kwa Mama Kanta pamoja na Rehema. Mtu mmoja akaingia na chetezo cha ubani moshi unafuka, nikamwambia, "Huo mbele ya kompyuta zangu hapana, peleka kwa bibi harusi." Shekiondo, aliyekuwa ameshastaafu, alikuja kama mgeni, na kanzu ya kuazima inayoishia magotini ingawa yeye ni Mlutheri.

"Mzigua, umeshakula bada yako ya muhogo?" akaniuliza.

"Nimekula. Wewe punguza ndizi, kanzu imekukimbia."

Mzee Salehe akatokea ukutani, amelala, mrija mkononi, kofia ya mkono kichwani. Watu wakamsalimu kwa kelele. Sheikh akasoma hotuba. Bwana harusi akakaa sawa. Mzee akafungua kinywa, akasema, "Nimeku—" na akaganda, mdomo wazi.

Watu wengine wakacheka. Akarudi, wakaanza upya, akaganda tena. Hapo hakucheka mtu. Tukasikia vipande vya sauti ya muuguzi kule wodini, "...mzee, muda... wanakungoja..."

Nikaingia chini ya meza. Taa kijani. Nikapiga ping kwenda kwa ruta kutoka Chausiku: anaitika, anaitika, kimya, kimya, anaitika. Shekiondo akakaa kwa Kibibi, mashine ya jirani, akapiga hiyo hiyo: inaitika bila kukosea. Kwa hiyo ruta ni nzima, mgonjwa ni Chausiku. Kibibi tusingeweza kumtumia, amezeeka, picha inamshinda. Nikachomeka kwenye Chausiku kidude cha redio, cha kuipa mashine Wi-Fi bila waya, kikashika, lakini picha ikawa inakokota miguu. Nikageuka nikaona wanaume wote wameinamia simu zao.

"Nani kawapa neno la siri la Wi-Fi?"

"Mama Kanta," akajibu shahidi mmoja. "Alisema wageni tusikae bure."

Sheikh akaniinamia, sauti ya chini. "Bibi, mzee anachukuliwa sasa hivi. Nimwombe ateue wakili?"

Ukutani, katikati ya kukwama, mzee alisikia. "Sitaki wakili," akasema. "Bibi, fanya haraka, mwanangu." Mimi ni mkubwa kuliko yeye, lakini aliniita mwanangu, na sikuwahi kuitwa hivyo kazini.

Nikatoa redio, nikarudi kwenye waya. Nikauchomoa nitie mwingine mpya. Shekiondo kule kwa Kibibi alikuwa sasa anampigia hodi Chausiku mwenyewe.

"Umeshachomeka?" akauliza.

"Bado. Waya ninao mkononi."

"Usinitanie."

"Huu hapa!" Nikauinua juu ya meza wauone wote.

"Mbona Chausiku anaitika?"

Sheikh akasema astaghfirullah. Mimi na Shekiondo tukatazamana, na nadhani lilitujia pamoja. Yuko mwingine mwenye namba ile ile. Wote wawili wanaitika wakiitwa, na ruta haijui barua impe nani.

"Yule marehemu," nikasema. "Chausiku wa zamani. Tulimrithisha namba, tulimzika?"

"Mimi nilimwacha stoo," akasema Shekiondo.

Tukapaza sauti pamoja. "Mama Kanta!"

Akatokea mlango wa stoo na kadi mkononi, bado zina joto la printa, zimeandikwa jina la Rehema kwa maua. "Nini? Kelele ya nini? Mimi naprinti kadi za zawadi."

"Unaprinti kwa mashine gani?"

"Ile ya zamani. Kaka yangu Handeni ana fundi, kaitengeneza, imerudi na basi juzi. Nzima kabisa! Ninyi mnatupa tupa vitu."

Mama Kanta hajatupa kitu tangu nimjue, hata kamba ya kufungia maboksi. Aliiwasha siku hiyo kwa mara ya kwanza, kwa mapenzi tu, na ikaamka na namba yake ya tangu enzi ikamkuta mrithi amekalia kiti. Nikampita mlangoni, nikashika waya wa stoo nikauchomoa.

"Kadi bado tatu!" akalia.

"Zitakuja kesho, mama."

Nikarudi, nikachomeka waya wa Chausiku wetu. Nikapiga ping kwa ruta. Anaitika. Nikangoja. Anaitika. Shekiondo akasema, "Mwachie mzee aseme." Nikatoka mbele ya kamera, nikamwambia sheikh, "Twendeni."

Mzee Salehe alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, muuguzi amesimama pembeni ameshika chuma cha kitanda, haendi. Mungu ambariki, hakwenda. Mzee akasema jina la bwana harusi, akasema, "Nimekuozesha binti yangu Rehema kwa mahari mliyokubaliana." Na yule kijana, jasho linamtiririka, akaitika papo hapo, "Nimekubali kumuoa." Sheikh akaangalia mashahidi. Mashahidi wakaitikia kwamba wamemwona na wamesikia. Sikuelewa kwa nini Shekiondo anafuta miwani yake na mimi mtandio wangu umelowa, maana kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini mzee akauliza, "Rehema yuko wapi?"

Wanaume wakatoka wenyewe, bila kuambiwa. Rehema akaingia na hina mikononi, akakaa kwenye stuli mbele ya ukuta. Hawakuzungumza sana. Alisema, "Baba," naye akasema, "Mama," maana Rehema amerithi jina la mama yake mzee. Kitanda kikaanza kwenda. Mpwa akafuata na simu, na ukutani kwetu zikapita taa za dari la hospitali, moja, nyingine, nyingine, mpaka mlango ukafungwa na picha ikawa giza la mfuko wa shati.

"Bibi, imekatika?" Rehema akauliza.

Nikainama nikatazama taa. Kijani, zinapepesa. "Haijakatika. Simu iko mfukoni. Njia iko wazi."

"Usiizime."

Sikuizima. Pilau ikaliwa uani, ngoma ikapigwa, bwana harusi akaja akakaa sakafuni karibu na mkewe. Mama Kanta hakufunga duka, na aliwafukuza wateja wote wa kompyuta kwa ukali ambao sijauona tena. Shekiondo alikaa mlangoni kama mlinzi. Mimi nilikaa karibu na kisanduku zinakokutana waya zote, mikono mapajani. Vijana wangu, nimebana vichwa vya waya nisivyoweza kuhesabu, nimesafiri na mkoba nikatapikiwa na watoto ndani ya basi, lakini kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya ni ile ya kukaa hapo nisiguse kitu.

Jua likiwa limeanza kulegea, ukuta ukatikisika. Kikaonekana kidole, kisha sikio, kisha uso wa mpwa unacheka na kulia, kisha kitanda. Mzee macho nusu, midomo mikavu. Alitafuta kioo cha simu kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani.

"Bado mpo?" akauliza.

"Tupo, baba," akasema Rehema.